JIWE LINA MLINZI, MPANGAJI HANA

(Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wananchi wa Mjini na Ng'ambo. Twayachapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)





Nimeombwa niseme machache juu ya nyumba. Nilipopewa kazi hii nilijiuliza: mtu aanze wapi kusema juu ya nyumba mbele ya watu wa Unguja? Kila mmoja wenu analo la kusema kunishinda mimi. Yuko hapa ambaye jamaa zake sita hulala katika chumba kimoja. Yuko aliyehama mara nne katika miaka mitano. Yuko mwenye kijana aliyeposa tangu mwaka juzi, na harusi haijafungwa hata leo. Si kwa kuwa mahari hayajapatikana, bali kwa kuwa chumba hakijapatikana. Wahenga wamesema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi sikuja kuwafundisha ila za nyumba mnazolala nyinyi wenyewe. Nimekuja kuyapanga mambo haya moja baada ya jingine, ili tuone yanavyofuatana, na tujue tudai nini.

Ninalo neno moja tu la kusema, na mengine yote ni ya kulibainisha. Katika mji wetu jiwe limekwisha pata mlinzi, lakini mtu akaaye ndani ya jiwe hilo bado hajapata wake.

Tazameni jiwe linavyolindwa. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka makhsusi ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya jambo hilo. Mwaka 2000 UNESCO ikautia mji huu katika daftari la urithi wa dunia. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango wa nakshi, wala kuongeza ghorofa, wala kubadilisha dirisha linalotazama njia, ila baada ya kuomba na kukubaliwa. Mimi silaumu hata herufi moja katika hayo. Lau si ulinzi huo, leo tungekuwa tunasimama mbele ya kuta za saruji, na wajukuu wetu wangeuona mji wa babu zao katika picha tu.

Lakini nauliza. Ukitaka kujua mlango fulani wa Hurumzi ni wa zamani gani na umechongwa kwa mtindo gani, utampata wa kukueleza. Ukitaka kujua ni jamaa ngapi zilizokuwa zikikaa nyuma ya mlango ule miaka ishirini iliyopita, na kwamba leo jamaa zile ziko wapi, utamwuliza nani?

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Khabari ile ilienea duniani kote, na ilistahili kuenea. Walakini dari ya chumba cha ndani huko Kiponda ikianguka usiku wa masika juu ya kitanda cha watoto, khabari yake haivuki pembe ya mtaa. Kesho yake baba hununua karatasi ya nailoni, akaitandaza juu ya boriti, na maisha yakaendelea.

Sasa nataka tuifuate nyumba moja tangu mwanzo hata mwisho, tuone vipi mtu hutolewa ndani yake pasi na mkono wa yeyote kuonekana.

Nyumba zetu za Mjini zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Nyumba ya namna hii ni kama mtu mzima: haitaki makuu, yataka kuangaliwa kila mwaka. Maji yakipata njia juu ya ukuta, chokaa hulainika, udongo hutoka, na ncha ya boriti iliyomo ukutani huoza mahali pasipoonekana. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na wananchi waliokuwa hawana pa kukaa, wengi wao kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, wakapewa vyumba ndani yake kwa kodi ndogo. Kodi ile ilikuwa rehema kwa maskini, wala mimi siwezi kuisema vibaya. Lakini kodi ndogo isiyoambatana na fungu la matengenezo ni deni, na deni lile lililipwa na ukuta. Mpangaji alisema, nyumba si yangu, vipi nitie fedha? Mwenye kukusanya kodi alisema, kodi yenyewe hainunui hata mfuko wa chokaa. Wote wawili walisema kweli, na mvua haikumngoja yeyote kati yao.

Miaka ikapita. Siku moja ikaja barua: nyumba hii ni ya hatari, hameni. Nayo barua ile, ndugu zangu, ilisema kweli. Nyumba ilikuwa ya hatari hakika. Watu wakatoka na magodoro yao. Ila barua ile haikusema lini watarejea, wala katika chumba kipi, wala kwa kodi gani. Akaja mwenye mtaji, akaikodi nyumba kwa miaka mingi au akainunua, akaitengeneza vizuri sana kwa chokaa na boriti kama sheria itakavyo, akatia vitanda vya besera na taa za kutundika. Leo chumba kimoja hukodishwa kwa usiku, na usiku mmoja huweza kupita kodi ya mpangaji ya mwezi mzima.

Nani mwenye kosa hapo? Aliyeandika barua aliokoa roho za watu. Aliyetengeneza aliokoa nyumba. Aliyeruhusu alitimiza sheria. Kila mmoja ana hoja yake mkononi. Walakini mwisho wa yote ni kwamba nyumba imepona na watu wake wameondoka, na hapana sheria iliyovunjwa. Dhulma ya namna hii ndiyo ngumu kuliko zote kuipinga, maana haina mtu wa kumnyooshea kidole.

Namjua mama mmoja, na jina lake nalihifadhi. Alikaa vyumba viwili katika Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi aliuza maandazi mlangoni kwake, na jioni akauza urojo. Watoto wa skuli walimjua, na wafanyakazi wa afisi walimjua, na asiyekuwa na senti leo alimlipa kesho. Nyumba ilipotangazwa kuwa ya hatari alihamia kwa binti yake huko Fuoni. Nilikwenda kumtazama. Akanieleza kuwa chumba amepata, ila mlango hana. Kule hapiti mtu wa kununua andazi. Akitaka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, aliyokuwa akiiendea kwa miguu na fimbo yake, sasa hana budi kupanda daladala, na nauli yake aiombe kwa mkwewe.

Mama huyu hatohesabiwa katika watu wasio na makaazi. Wageni wakija huuliza: mbona hatuwaoni watu wanaolala njiani kama katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani? Ni kweli, si wengi wanaolala njiani, na sababu yake ni kwamba jamaa zetu hawajaacha kufunguliana milango. Kukosa nyumba kwetu sisi kumejificha ndani ya nyumba za watu. Kumo katika ukumbi ambao usiku hugeuka chumba cha kulala wavulana, na katika mke na mume waliotengana, huyu kwao na huyu kwao, ilhali hawakuachana. Kumo pia katika kibanda kilichojengwa bondeni kwa sababu ndicho kiwanja pekee ambacho bei yake ilifikika, na masika yakiingia maji huingia nayo, kama wanavyojua watu wa Sebleni na Mwanakwerekwe. Ukarimu wetu umetusitiri, walakini sitara hiyo imewapa wenye kupanga mambo udhuru wa kutoona.

Na mzigo unazidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionesha kuwa Zanzibar ina watu 1,303,569. Hesabu ya mwaka 2022 ilionesha watu 1,889,773. Yaani katika miaka kumi tumezidi zaidi ya watu 586,000, na visiwa havikuzidi hata shubiri moja. Juu ya hao, mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000. Mgeni na mwenyeji wote wanataka kitanda. Na mahali ambapo kitanda hupewa mwenye fedha nyingi, hapana haja ya kuuliza nani atakayelala chini. Mashamba ya Tomondo, Mwera na Fuoni yamekatwa viwanja, na ardhi iliyokuwa ikitulisha muhogo na ndizi sasa imeota matofali.

Wako watakaosema kuwa haya ni maneno mapya yaliyoletwa na utalii. Sivyo. Mji huu umegombania makaazi kwa muda wa miaka mia. Watu wengi wa Ng'ambo, na baadhi yao walikuwa waliotoka utumwani baada ya mwaka 1897 na watoto wao, walijijengea nyumba za miti na udongo juu ya viwanja vya watu wengine. Nyumba ilikuwa yako, ardhi ilikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe akapandisha kodi ya kiwanja apendavyo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikubaliana wasilipe. Wako waliotiwa ndani, na ghasia zikatokea. Walakini Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mapenzi makubwa na watu wa vibanda, ilibidi iitazame upya kodi ya viwanja na kuiwekea mpaka. Watu wale hawakuwa na mabaraza ya kutunga sheria wala kura. Walikuwa na neno moja walilokubaliana wote.

Nimekumbusha habari ile ili mjue kuwa kodi haikuteremka kutoka mbinguni. Kodi hupandishwa na watu, na watu huweza kuiwekea mpaka.

Sasa nitazame hoja za wenye kututofautia, maana si insafu kuwasema pasi na kuwasikiliza.

Husemwa kwanza kuwa utalii ndio riziki yetu, na mwenye kuugusa hukata tawi alilokalia. Nami nasema, ni kweli, wengi wetu hapa hula kwa utalii. Lakini mgeni hakuja kutazama chokaa tupu. Amekuja kuona mji ambao watu wanaishi ndani yake: wazee wanaocheza bao, watoto wanaotoka chuoni, harufu ya udi dirishani. Tukiwatoa wote hao mgeni ataona hoteli inayotazamana na hoteli.

Husemwa pili kuwa Serikali haina fedha za kumjengea kila mtu. Hapa naomba ruhusa niwapeleke mbali kidogo, katika kisiwa kingine, tupate kulinganisha. Singapore ni kisiwa kidogo kuliko Unguja. Mwaka 1960 waliunda bodi ya nyumba za umma, wakati watu wengi walikuwa wamesongamana katika vibanda. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, na watu wapatao 16,000 wakabaki hawana pa kulala. Mahali pale pakajengwa ghorofa za umma. Hii leo zaidi ya robo tatu ya wakaazi wa kisiwa kile hukaa katika nyumba zilizojengwa na bodi ile. Sisemi kuwa njia yao yote ilikuwa ya upole. Watu wengi walihamishwa wasipende. Ila lichungueni jambo moja. Ili wapate ardhi, iliwabidi mwaka 1966 watunge sheria kali ya kuichukua kwa wenyewe. Sisi ardhi yetu imewekwa mikononi mwa Serikali tangu mwaka 1965, na Sheria ya mwaka 1992 ikathibitisha kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma. Kile walichokitafuta wao kwa taabu, sisi tunacho. Basi atakayesema hatuna uwezo, kwanza atueleze ardhi ya umma inatumiwa kwa faida ya umma upi.

Husemwa tatu kuwa tumekwisha jaribu, na Michenzani ndiyo shahidi. Ghorofa zile zilizopangwa pamoja na wataalamu wa Ujerumani Mashariki zilikuwa na nia njema, na ziko jamaa zinazokaa humo kwa raha hata leo. Walakini ili zisimame zilivunjwa nyumba nyingi za Ng'ambo, na majirani waliojuana tangu utotoni wakatawanyika. Funzo lake kwangu ni kuwa kabla ya kuvunja, uwahesabu waliomo na ujue watakwenda wapi. Kuacha kujenga si katika funzo hilo.

Basi tudai nini? Mimi nina mambo matano, nayo si makubwa.

Kwanza, liandikwe daftari la wapangaji wa Mji Mkongwe na mitaa ya karibu ya Ng'ambo, katika nyumba za Serikali, za wakfu na za watu binafsi: nani anakaa wapi, tangu lini, na kwa kodi gani. Mlango una daftari lake. Na mtu apate lake.

Pili, asitolewe mpangaji kwa ajili ya matengenezo ila apewe hati ya kurejea, iliyoandikwa chumba, kodi na muda. Na kama nyumba haiwezi kurejewa, apewe makaazi mahali ambapo riziki yake haitakatika.

Tatu, mgeni hulipa tozo kwa kila usiku anaolala. Litengwe fungu katika fedha hizo kwa ajili ya kutengeneza nyumba ambazo wananchi wangali wanakaa, kabla hazijafikia kuandikiwa barua ya hatari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika Mji Mkongwe, ukuta ukishajengwa upya huwa si wako tena.

Nne, wakfu urejeshewe maana yake. Wazee wetu waliziwekea wakfu nyumba ili jamaa zao na maskini wapate pa kujistiri, na baadhi yao wala hawakuwa matajiri. Kamisheni ya Wakfu ipo. Iwatangazie wananchi nyumba zipi zingalipo, nia ya aliyeziweka ilikuwa nini, na nani amo ndani sasa.

Tano, kila mwenye mtaji atakayepewa ardhi ya umma ajenge nyumba za kuuza au kukodisha, awekewe sharti la kutenga sehemu ya nyumba hizo kwa wenyeji, kwa bei inayolingana na mishahara ya hapa, na bei hiyo itajwe kwa shilingi. Mwalimu na mwuguzi hawalipwi mishahara yao kwa dola.

Na sisi wenyewe, ndugu zangu, hatukusalimika na lawama. Wangapi kati yetu tumerithi nyumba tukiwa warithi kumi na tano, tukashindwa kusikilizana nani atengeneze paa, tukamwita dalali akaiuza katika wiki moja? Wangapi tunawapangisha wenzetu pasi na hata mstari mmoja wa maandishi, tukadai kodi ya mwaka mzima mbele na kilemba juu yake, na akija mwenye kutoa zaidi tukamwambia mpangaji kuwa mtoto wetu anarudi kutoka safari? Tusimdai mkubwa insafu ambayo sisi kwa sisi hatutendeani. Mkataba wa karatasi moja, wenye sahihi mbili na shahidi, hauna gharama kubwa.

Nimesema mengi na usiku umekwenda. Yule mama wa maandazi aliniuliza suali moja nilipokuwa naaga, nami sikuweza kumjibu. Aliniuliza kama nyumba ile imekwisha. Nikamwambia ndiyo, imekwisha, tena imependeza. Akauliza: mlango wangu waliuacha pale pale? Nikamwambia waliuacha, wameupaka mafuta na misumari yake ya shaba inang'aa. Alifurahi, wallahi alifurahi, kama mtu aliyeambiwa kuwa mtoto wake wa mbali ni mzima.

Watu wa mapenzi ya namna hii ndio waliouhifadhi mji huu miaka yote ambayo hapakuwa na sheria ya kuuhifadhi. Hawakustahili kuwa wa kwanza kutolewa siku ulipopata thamani.